Mwanangu ni wa katikati kwenye shule ya vichwa. Je, ada yetu imepotea?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Houston, Texas, mwaka wa 14 sasa. Ni muuguzi wa shifti za usiku, na baba yao anaendesha lori. Kijana wetu yuko darasa la 11, mwakani anamaliza sekondari. Mdogo wake wa kike yuko darasa la 7.

Kijana alipoingia darasa la 9 tulimtoa shule ya umma tukampeleka shule ya binafsi yenye jina kubwa hapa mjini. Ada ni dola 31,000 kwa mwaka. Wanatupunguzia, tunabaki na 22,000, na hizo ndizo zinazonifanya nichukue shifti za Jumapili. Siku ya kwanza walituonyesha orodha ya vyuo walikoenda wahitimu wao: Harvard, Stanford, Rice, Duke. Mume wangu aliipiga picha akaituma kwenye kundi la familia.

Wiki iliyopita tuliitwa na mshauri wa vyuo wa shule. Akatugeuzia kompyuta. Kulikuwa na mchoro umejaa nukta za kijani na nyekundu, na katikati ya zile nyekundu alama moja ya msalaba. Akasema, "Huyo ndiye mwanenu." Wastani wake wa alama ni 3.4, na SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, amepata 1290 kati ya 1600. Shule inasema haipangi nafasi, lakini darasa lina watoto 88 na yeye mwenyewe anajijua, anasema ni kama wa 40. Mshauri akatupa karatasi yenye majina ya vyuo 11. Manane sijawahi kuyasikia. Harvard haimo, Rice haimo, hata UT Austin, chuo kikuu cha umma cha jimbo letu, ameiandikia "ngumu".

Kilichonimaliza ni mtoto wa binamu yangu. Alibaki shule ya umma, darasa lao watoto 640, yeye ni wa 21. UT Austin wanamchukua moja kwa moja, kwa sheria. Shangazi, huyo binti na mwanangu walikuwa wakisoma pamoja, na hesabu mwanangu ndiye aliyekuwa akimfundisha.

Baba yao anasema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Anataka tumrudishe kijana shule ya umma sasa hivi ili naye apate nafasi ya juu. Mimi nimempata mshauri wa kujitegemea anayetaka dola 6,500, anasema ataweza "kumweka sawa". Mtoto mwenyewe amenyamaza. Hana cha ajabu, Shangazi. Si mchezaji, si kiongozi wa klabu. Akitoka shule anakaa na bibi yake mwenye kisukari hadi niamke, anampima sukari, anaandika kwenye daftari, anapiga simu duka la dawa dawa zikiisha kwa sababu bibi hajui Kiingereza. Basi.

Tumekosea wapi? Na sasa tufanye nini?

Mama Wawili, Houston

*

Marahaba, Mama Wawili.

Nianze na lile la haraka, maana baba yao anaonekana ameshawasha gari. Msimhamishe.

Sheria anayoitamani ipo kweli, na ni ya Texas hasa. Ilipitishwa mwaka 1997: mtoto aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake katika sekondari ya Texas anapokelewa moja kwa moja vyuo vikuu vya umma vya jimbo. UT Austin ilielemewa, ikaruhusiwa kubana zaidi. Kwa miaka kadhaa ikawa asilimia 6, na kwa wanaoingia kuanzia vuli ya 2026 ni 5 tu. Binti wa binamu yako akiwa wa 21 kati ya 640 yuko kwenye asilimia 3 na kidogo, hana wasiwasi. Kwenye darasa la watoto 88, asilimia 5 ni watoto wanne. Wanne! Hapo ndipo mlipopigwa chenga, na hamkupigwa na mtu. Ni hesabu tu, ambayo siku ile ya orodha hakuna aliyewafanyia.

Lakini kumrudisha sasa hakuirudishi miaka miwili nyuma. Alama zake za darasa la 9 na la 10 atahama nazo. Atakuta wenzake wana B chache kuliko yeye, na wamekusanya masomo ya AP, yale ya kiwango cha chuo, yenye uzito wa ziada tangu mwanzo. Huenda akasogea mpaka robo ya juu, na robo ya juu si asilimia 5. Juu ya hapo atawaacha walimu wanaomjua, wale watakaomwandikia barua za mapendekezo miezi michache ijayo, aende kwa walimu ambao watakuwa bado wanajifunza jina lake. Basi hilo limeshaondoka kituoni, mwambie baba yao.

Sasa turudi kwenye kompyuta ya mshauri. Mchoro ule naujua. Mstari mmoja ni wastani wa alama, mwingine ni SAT, na kila nukta ni mtoto aliyepita shule hiyo akaomba chuo fulani: kijani amekubaliwa, nyekundu amekataliwa. Ni chombo kizuri, ila kina siri moja. Siku nyingine mkikaa naye, tazama pembe ya chini kushoto, penye alama ndogo. Kwenye vyuo vikubwa utakuta kule kuna nukta mbili tatu za kijani zimekaa peke yake. Mzazi akiziona anajipa moyo: kumbe inawezekana! Muulize mshauri taratibu, bila majina ya watu, hao walikuwa nani. Ukimbana atakwambia: mmoja alisajiliwa na kocha wa kupiga makasia, mwingine baba na babu walisoma chuo hichohicho, wa tatu jina la ukoo wake liko kwenye ukuta wa maktaba.

Sisemi kwa chuki. Kesi ya Harvard kuhusu udahili wake, iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani, ilifungua mafaili, na wachumi walioyachambua wakaonyesha mwaka 2019 kwamba zaidi ya asilimia 43 ya wanafunzi weupe waliopokelewa pale walikuwa wanamichezo waliosajiliwa, watoto wa wahitimu, watoto wa waajiriwa wa chuo, au walioko kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili. Mwaka 2023 mchumi Raj Chetty na wenzake wakaonyesha jambo linalofanana na hilo kwa vyuo 12 vya juu kabisa: kwa SAT ileile, mtoto wa familia iliyo kwenye asilimia 1 ya matajiri ana nafasi zaidi ya mara mbili ya mtoto wa familia ya kipato cha kati. Sasa fikiria watoto wa namna hiyo husoma sekondari gani. Ile orodha aliyoipiga picha mumeo haikuwa ya uongo. Watoto walikwenda kweli. Ila wengi wao wangekwenda hata kama shule hiyo ingeungua.

Kwa mtoto asiye na hayo yote, shule ya vichwa inaweza hata kumpunguzia kidogo. Mtafiti Thomas Espenshade wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake waliliandika hilo mwaka 2005: kwa alama zilezile, waombaji waliotoka shule zilizojaa wakali walikuwa nyuma kidogo ya waliotoka shule za kawaida, kwa sababu msomaji wa maombi humpima mtoto dhidi ya wenzake wa chumba kimoja. Kidogo, narudia, siyo sana. Na shule kusema "hatupangi nafasi" hakufichi kitu. Pamoja na matokeo ya mtoto hutumwa kila chuo maelezo ya shule: masomo yanayofundishwa, alama zimegawanyikaje, wahitimu wamekwenda wapi. Anayesoma maombi kwa kazi atajua kijana wako yuko katikati kabla chai yake haijapoa.

Ila karatasi hiyohiyo ya maelezo ndiyo inayomwokoa mwanao. Inasema katikati ya nini. Wastani wa 3.4 katika darasa ambalo nusu yake wanachukua masomo ya AP manne kwa mwaka si sawa na 3.4 ya mahali pengine, na watu wa udahili wanalijua hilo. Na hiyo SAT ya 1290 mnayoitazama kama aibu: wastani wa nchi nzima kwa darasa la 2024 ulikuwa 1024. Nyumbani kwenu mmekaa na mtoto aliye juu sana ya wenzake nchini mkamwita hana cha ajabu, kwa sababu mmezungukwa na watoto 39 wa 1450.

Hebu tusogee mbali na hao 88. Kituo cha utafiti cha Pew kilitazama vyuo 1,364 vya shahada ya miaka minne kwa takwimu za 2017. Vilivyokuwa vikichukua chini ya waombaji 10 kati ya 100 vilikuwa 17. Zaidi ya nusu vilichukua theluthi mbili ya waombaji au zaidi. Hivyo 17 ndivyo vinavyotajwa kwenye harusi na kwenye makundi ya WhatsApp, kisha tunadhani nchi nzima imefungwa. Hapo mjini kwenu kuna University of Houston, ambayo tangu mwaka 2011 imo kwenye daraja la juu kabisa la vyuo vya utafiti kwa mpangilio wa Carnegie, na kijana anaweza kulala kwake. Dallas kuna UT Dallas, na ukitaka mbali kidogo kuna Texas Tech. Sijui kama hayo matatu ni kati ya manane usiyoyajua. Kama ni hivyo, Mama Wawili, tatizo si karatasi ya mshauri.

Na mshauri huyo nadhani mnamwonea. Mtu anayekuandikia "ngumu" mbele ya UT Austin badala ya kukutamanisha amekuheshimu. Chama cha washauri wa shule nchini humo kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi za umma zimepita hapo. Wenu ana darasa la 88, na inawezekana wapo wawili. Hiyo ni sehemu ya zile 22,000 zenu. Itumieni.

Ndiyo maana zile 6,500 nazikataa. "Kumweka sawa" maana yake nini? Mwaka 2019 watu zaidi ya 50 walishtakiwa Marekani kwenye kashfa ya "kuwaweka sawa" watoto wa wenye fedha: mitihani ikafanywa na watu wengine, picha zikabandikwa vichwa waonekane ni wanamichezo. Sisemi huyo wako ni wa aina ile. Wako washauri waaminifu. Ila anayetoa ahadi kabla hajamwona mtoto, mwogope. Mwenye kazi safi hukwambia atasaidia kuchagua vyuo na kusoma insha, na hayo tayari mnayalipia.

Fedha hizo zitahitajika kwingine, na hapa naomba baba yao asome mwenyewe. Vile vyuo 8 vya jina kubwa vya kundi la Ivy, Harvard kikiwemo, havitoi ufadhili wa alama hata senti. Hutoa msaada kwa kutazama kipato cha familia tu. Ni vyuo vinavyofuata chini yake, vinavyotaka mtoto wa 3.4 mwenye masomo magumu, ndivyo vinavyoshusha bei ili aje. Vyuo binafsi kwa wastani huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa, kwa hiyo ile bei ya kutisha kwenye tovuti ni kama bei ya kwanza ya Kariakoo. Vyuo vingine, kama University of Alabama, huweka jedwali hadharani: wastani huu na alama hizi za mtihani, punguzo hili. Na tangu 2011 kila chuo kinalazimika kuwa na kikokotoo kwenye tovuti yake kinachokadiria mtakacholipa ninyi, siyo jirani. Chukueni karatasi ya majina 11, fanyeni hivyo kwa kila kimoja, andikeni bei pembeni kwa kalamu. Nina hakika orodha itajipanga upya yenyewe.

Jambo moja la kuangalia. Kuna maombi ya mapema ya aina mbili, mengi mwisho wake ni mwanzoni au katikati ya Novemba. Aina moja haikufungi. Nyingine inakufunga: ukikubaliwa, umekubali. Mtoto wa katikati huongezewa nafasi kwa kujifunga, ni kweli, na shuleni atawaona wenzake wakifanya hivyo. Lakini aliyejifunga ameshapoteza nafasi ya kulinganisha bei. Kwa familia inayolipa ada kwa shifti za Jumapili, nisingejifunga ila kama kikokotoo kimeonyesha namba mnayoiweza hata mwaka ukiwa mbaya. Na fomu ya serikali ya msaada wa fedha, FAFSA, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1. Msingoje Krismasi.

Nimeliacha lililonigusa mpaka sasa. Umeandika "basi" baada ya kunieleza kuhusu bibi na daftari la sukari. Umeiweka nukta pale kana kwamba ulikuwa unaomba radhi.

Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, Common App, ina sehemu ya shughuli. Mtoto anaweza kuandika hadi 10, na kila moja ina herufi 150 tu. Kwenye aina za shughuli kuna moja inayoitwa majukumu ya familia. Imewekwa makusudi kwa watoto kama wako. Saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka: aandike kwa ukweli, na kama ni saa 15, ni saa 15. Hakuna rais wa klabu ya mijadala anayefikisha saa hizo. Kisha iko insha ya maneno 650. Tangu hukumu ya Juni 2023, kwenye kesi ileile ya Harvard, vyuo haviruhusiwi kumpa mtu nafasi kwa rangi yake, lakini jaji mkuu mwenyewe aliandika kwamba mwombaji anaweza kueleza jinsi rangi yake ilivyoyagusa maisha yake. Mwanao hana haja ya kusimulia mateso ya wahamiaji, nakuomba, insha hizo zimejaa. Afungue lile daftari. Aandike ile siku namba ilikuwa mbaya, alimwambiaje bibi kwa Kiswahili, na mtu wa duka la dawa alimwambia nini kwa Kiingereza, na yeye katikati akafanya nini. Hapo ndipo nafasi ya katikati inapomfaa mtu.

Msimwandikie ninyi. Insha iliyoandikwa na mama wa shifti ya usiku inanuka mama wa shifti ya usiku.

Ada imepotea? Mwaka 2002 wachumi Stacy Dale na Alan Krueger waliwafuatilia watu waliokuwa na uwezo wa kuingia vyuo vikubwa lakini wakasoma vya chini yake, wakakuta kwamba kwa wengi kipato cha baadaye hakikutofautiana. Sitakuficha lililobaki: walipochimba tena baadaye walikuta tofauti kwa watoto weusi, wa Kilatino, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Kwa hao chuo chenye watu na milango kilisaidia. Kwa hiyo sikwambii "popote ni sawa", maana si sawa. Kwenye yale majina 11 ulizeni wangapi huhitimu ndani ya miaka minne na wangapi hupata kazi za mafunzo kabla ya kumaliza. Chuo kinachohitimisha watoto 85 kati ya 100 na kile kinachohitimisha 45 haviwezi kuwa kitu kimoja, hata vikiwa vyote havijulikani Houston. Mlichokinunua kwa miaka mitatu ni mtoto anayeandika insha ya kurasa nane bila kulia. Huko chuoni, mwaka wa kwanza, ndiko atakakoanza kula faida yake, hasa akiwa mahali ambapo yeye si wa 40 tena.

Kwa huyu mdogo wa darasa la 7, swali lenu ndilo lina uzito. Kwake basi bado liko kituoni. Kama lengo lenu ni UT Austin na hakuna lingine, hesabu ya asilimia 5 mnaijua sasa, na shule ya umma nzuri ya jirani haitozi 31,000. Kama lengo ni madarasa madogo na walimu wanaomjua, shule ya binafsi ina kazi yake. Ila mwamueni kwa vile alivyo yeye, na msimpeleke ili kumfidia kaka yake.

Jumamosi hii, kabla hujalala, kaa mezani na kijana bila baba yake na bila simu. Mwekee ile karatasi. Muulize katika yale manane ni lipi ameshalitazama kwa siri. Watoto walionyamaza huwa wameshatazama. Mkishatembelea mawili, niandikie alikuambia nini njiani kurudi.

Shangazi